Mlamula wa Kato

Tata waitu, baba yetu,

Tulikuzika tukiwa na mihoro ya kupogolea migomba mkononi. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine huko uliko, maana watu wa kijiji hiki hata wakifa hawaachi umbea. Katekista alisoma sala mbiombio, jicho moja kwenye kitabu, jingine kwa vibarua wa Bwana Alfonsi waliosimama ng'ambo ya kaburi na majembe yao. Hakuna aliyeimba. Ulipenda nyimbo wewe, na hilo linaniuma, lakini mtu haimbi huku anautazama mkono wa mwenzake kama utainuka.

Naandika nikiwa nyumbani kwako, nimekalia kiti chako kile kilichofungwa kamba. Mjini Hamugembe sijarudi. Cherehani nimemwachia shoga yangu anishonee wateja, na wakichoka kusubiri waende kwingine. Nyumba yako inavuja upande wa jikoni, sijui ulikuwa unakaaje humu, na kila nilipokuuliza ulinijibu "mvua ni ya Mungu." Ng'ombe amezaa. Buni imeiva na nimeichuma nikiwa nalia, nikawa nachuma na mbichi. Ungeniona ungenigombeza.

Sasa nikueleze yote kwa utaratibu, kwa sababu uliondoka katikati ya ugomvi na hujui ulivyoisha.

Nianze na Kato, maana kila kitu kilianzia kwake, maskini, mtoto aliyechukuliwa na surua kabla hajajua hata kukimbia. Mimi Nyangoma nilitangulia kuzaliwa, yeye pacha wangu akatangulia kufa. Ulimzika kwenye migomba upande wa Rwechungura, mbali kidogo na nyumba, kwa kuwa Mae, mama yetu, hakutaka kuliona kaburi kila anapotoka mlangoni. Kichwani pake ukachomeka mlamula. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mlamula ni mti wa kazi mbili: tunaupanda mpakani ili majirani wasipigane, tena tunaupanda kaburini ili marehemu asisahauliwe. Ukiukata na kuuchomeka popote unashika. Ulisema ni mti usiojua kufa.

Tangu hapo kila ulichonipa ulinipa mara mbili. Senene, konzi mbili. Buni ya kutafuna, moja shavu hili, moja shavu lile. "Hii yako, hii ya Kato." Nami nakula zote. Mae alikuwa akisema nimenenepa kwa chakula cha marehemu, na wewe ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu.

Nakumbuka pia siku walipokuchapa. Kibanja hiki, shamba letu la migomba, kilikuwa bado nyarubanja, mali ya mtu mkubwa, na wewe mtwarwa wake tu, wa kumpelekea kodi na pombe na kuinamisha kichwa. Mwaka ule mvua iligoma, ukachelewa. Watu wake walikuja mchana, wakakulaza kifudifudi mbele yangu na Mae, wakakuchapa viboko mpaka shati likashikana na ngozi. Walipomaliza wakaenda mpakani kwako na kwa Rwechungura, wakang'oa milamula yote na kuitupa njiani, ili ujue kwamba mtwarwa hana mpaka. Nilikuwa mdogo, na nilijiapiza kuwaua. Wewe ulikaa kitako, ukatema damu, ukaniambia, "Nyangoma, nenda kaangalie kama mlamula wa Kato upo." Nilienda. Ulikuwepo. Waliuona uko katikati ya migomba, wakaupita.

Kisha uhuru ukaja, na baadaye serikali ikasema nyarubanja basi, anayelima ndiye mwenye kibanja. Ulilia siku ile, mzee mzima. Ulisema, "Sasa migomba inalijua jina langu." Mimi nikakuambia tupande upya milamula ya mpakani. Ukanicheka. Wewe na Rwechungura mlikuwa ndugu wa mkago, mlikula buni iliyopakwa damu ya kila mmoja, kwa hiyo kupandiana mpaka tena kungekuwa ushahidi kwamba hamuaminiani. "Mpaka wetu uko tumboni," ulisema. Tata, nilikupenda, lakini hapo ulikosea. Tumbo la mtu halionekani na mnunuzi.

Maana Rwechungura aliuza. Alisikia kwamba kule rweya, kwenye majani, kinafunguliwa kijiji cha ujamaa na kila kaya itapewa mahali pa kuanzia, na wanawe hawakutaka tena kusikia habari za migomba. Akaona auze kabla ya wote kuhamishwa bila kitu. Mnunuzi akawa Bwana Alfonsi, karani wa mjini Bukoba, suruali ya kaki iliyopigwa pasi hadi inakata. Alikuja na maneno ya mkutanoni: "Ardhi haiuzwi, ndugu zangu, ardhi ni mali ya taifa. Mimi nanunua migomba na mibuni tu." Watu wakapiga makofi. Nani angebisha?

Siku ya kupima ulikuwa Kamachumu na kahawa yako, umekaa foleni kwenye mizani ya chama. Kila mtu anajua kwamba kibanja hakikatwi mpaka jirani wa mpakani awepo, na asipokuwepo anasubiriwa hata kama ni mlevi au kichaa. Hawakukusubiri. Mpima aliyeletwa na Alfonsi alikuwa anaangalia jua, anataka kurudi mjini. Rwechungura naye hakutoka nje. Mke wake ndiye aliyenisimulia: alijifungia na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi, analia, aibu ya kuuza kaburi la baba yake imemkaba. Basi waliotembea mpaka ni balozi wa nyumba kumi na vijana ambao Kato alikufa kabla hawajazaliwa.

Wakafika kwenye migomba, hakuna alama. Wakatafuta. Wakauona mlamula mmoja, mzee, mnene, umesimama peke yake. Balozi akaushika kwa mkono wa kulia na kusema, "Huu hapa mpaka. Mlamula hausemi uongo." Yeyote wa kwetu angesema vile vile, na hilo ndilo linalonitia wazimu zaidi. Hakuna aliyekula njama. Waliuona mti wa amani, wakaamini. Mnyororo ukavutwa kutoka pale, kigingi kikagongwa kichwani pa mtoto, na migomba yako yote ya upande ule ikawa ya Alfonsi, na Kato ndani yake.

Ulirudi ukakuta hivyo. Ukang'oa vigingi kimoja kimoja na kuvitupa njiani, vile vile kama walivyokufanyia wewe. Balozi alipokuja na maneno yake kwamba mlamula hausemi uongo, ulimjibu jibu ambalo kijiji kizima sasa kinalirudia: "Hausemi uongo. Ila hukuuliza ni wa nani."

Ungeniita, Tata. Hilo nina hasira nalo mpaka leo. Magari ya Bukoba yapo, ungemtuma mtu Hamugembe. Lakini wewe ni mtu wa kusema "nisimsumbue mtoto," na mtoto ana watoto wake mwenyewe sasa na meno yake yenyewe yamelegea.

Alfonsi hakutaka kusikiliza habari za kaburi. Kaburi gani lisilo na msalaba, alisema, huyu mzee anatafuta ardhi. Akaleta vibarua. Wakafyeka migomba yako. Waliikata yote, iliyokomaa na yenye mikungu michanga, hata ule wa enshakala uliokuwa unausifia kwa kila mgeni. Nimeyaona mashina yake yakiwa bado yanatoa maji. Kwetu mtu akikukatia mgomba amekutamkia kifo, na wewe ulikaa katikati ya majani yaliyolala, mke wa Rwechungura akakuletea chai, hukunywa. Wakageukia na kwa Rwechungura, wakafyeka migomba na mibuni ili Alfonsi apate uwanja wa nyumba ya kisasa.

Kisha wakaanza kuchimba choo. Pembeni pa Kato, Tata. Choo.

Uliwaendea na muhoro. Uliwaambia mara moja tu watoke. Mmoja, yule mrefu, akacheka na kuendelea kuchimba, akakurushia udongo miguuni. Ukamkata mkono juu ya kiwiko mpaka mfupa ukaonekana. Damu ilirukia kwenye mlamula, nimeiona imekaukia kwenye majani. Mwenzake akainua jembe akakupiga kichwani, ukayumba, ukasimama, ukamkosa, akakupiga tena mbavuni, na hapo ukaanguka ndani ya shimo lao. Rwechungura alitoka nyumbani mbio, pombe imemtoka yote, akajirusha ndani, akakupakata kichwa. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walikubeba kwa machela, na ulikata roho kabla hawajafika barabarani. Nimeuliza kama ulisema neno. Walisema hapana. Naona bora, maana lingekuwa tusi.

Nilikuja kwa lori la kahawa. Sikulia njiani. Wanawake waliokuwa nyuma walinionea huruma wakaniachia nafasi, na mimi nilikuwa nawaza kuua tu. Naandika wazi, sioni haya. Polisi walikuwa wameuchukua muhoro wako kuwa ushahidi, na kibarua aliyekupiga alikuwa rumande, na yule uliyemkata hospitali. Lakini aliyewatuma alikuwa amekaa ndani ya nyumba ya Rwechungura, ambayo sasa ni yake, amefunga mlango kwa komeo. Nikautoa muhoro wa Mae darini, ule wa mpini mfupi. Sikumsalimu mtu. Nilipasua mlango wake, Tata. Nilipiga ubao mpaka ukachanika na nikamwona kajibana kwenye kona, ameshika kiti mbele ya kifua, na ile suruali imelowa. Baba mdogo akanibeba kiunoni kama gunia na kunitoa. Nilimng'ata mkono. Bado ana alama, na anaionyesha kwa wageni.

Kikao cha ukoo kilitaka uzikwe karibu na nyumba, kimya kimya, na mambo ya mpaka yaachiwe mahakama. "Tusiongeze damu," alisema Baba mdogo. Maneno mazuri. Nikasimama, mwanamke katikati ya wanaume, nikasema utalala pale ulipoangukia. Wakaniambia mwanamke hapangi kaburi. Nikawauliza nani aliyekuwepo siku watu wa mtu mkubwa walipokuchapa, wao au mimi? Walinikasirikia wote. Kesho yake asubuhi tukasikia jembe linagonga chini. Rwechungura alikuwa amekwisha kwenda peke yake, yumo ndani ya lile shimo, analirefusha na kulinyoosha kuta. Hakumwomba mtu ruhusa. Vijana wa ukoo wakatazamana, wakaenda kumsaidia.

Ndiyo, Tata, ni shimo lile lile. Usikasirike. Halikuwahi kutumika, na damu yako ilikuwa imeshalitakasa. Mtu yeyote akiniambia ni aibu namwambia aibu ilikuwa yao walipolianza, sisi tumelimaliza.

Ndipo Alfonsi akatokea na balozi na vibarua wapya, tumekushusha tayari lakini hatujafukia. "Mnazika kwenye kibanja cha mtu," alisema. Mihoro ikainuka, majembe yakainuka, katekista akaruka nyuma. Rwechungura alikuwa bado amesimama ukingoni, udongo umemfika magotini. Akasema, "Mtoto aliyelala hapa nilimchimbia mimi. Huu ni mlamula wa mtoto." Balozi akajibu kwamba neno la mlevi halishindi mti. Alfonsi akamshika Rwechungura shati amtoe. Nilimpiga Alfonsi kwa bapa la muhoro, mgongoni, kwa nguvu zangu zote, akaenda chini uso kwenye majani. Nilikuwa nimeugeuza muhoro upande wa bapa mwenyewe. Sijui kwa nini. Labda wewe uliushika mpini.

Halafu Rwechungura akasema kitu nilichokuwa sikijui. Kwamba zamani, kabla ya mkago wenu, nilipokuwa mgongoni kwa Mae, mlipopanda mpaka wenu, wewe na yeye mlitia mkaa chini ya kila mlamula, kwa kuwa mti waweza kung'olewa lakini mkaa hauozi. Na kwamba kwa Kato hamkutia kitu. "Mtoto si mpaka," ulimwambia siku ya kumzika.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuonyesha. Wote wakaniangalia mimi, pacha.

Nilipiga magoti nikaung'oa mlamula wa Kato. Ulikataa, Tata. Mizizi yake ilikuwa imeshuka mbali, nikautikisa na kuuvuta huku namwambia samahani, samahani, mpaka ukaachia na kuniangusha chali. Nilichimba chini yake kwa mikono mbele ya balozi. Udongo mwekundu mtupu. Nilikuwa naogopa kukutana na mfupa, na nilikuwa nautamani pia, siwezi kueleza. Rwechungura akavuka mashina yaliyokatwa, akaenda zake kule chini, akapiga jembe. Mkaa. Akasogea, akapiga tena. Mkaa. Akashuka hivyo hivyo mpaka njiani, na kila alipopiga mweusi ulitoka, na nyuma yake balozi alikuwa anatembea ameshika kofia mkononi.

Vibarua wakashusha majembe. Mmoja wao akaanza kukufukia pamoja na sisi. Nilimtazama, nikataka kumpasua kichwa, nikamwacha afukie. Ulikuwa udongo mwingi na sisi tulikuwa tumechoka.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa ya leo. Mpaka umepandwa upya, mkaa nimeutoa kwenye jiko lako. Kesi ya kibarua iko Bukoba. Aliyemtuma anapita njia, na kila nikimwona damu inanipanda, sitakudanganya kwamba nimesamehe. Rwechungura hakwenda rweya. Analala kwenye banda la mkwewe, na kila asubuhi anakuja kukaa karibu nawe. Nampa buni ya kutafuna. Msamaha bado sijampa, nao utakuja au hautakuja. Baba mdogo ameanza kudokeza kwamba binti hana kibanja, kwamba mwanawe mkubwa ndiye anayefaa kukishika. Nimemwambia karibu, tuje tuzungumzie pale kaburini, na alete mkono ule mwingine. Hajaja.

Lakini hili nilitaka ulisikie kwangu, kwa sababu najua ungecheka mpaka ushike mbavu. Alfonsi hapati mtu wa kumsalimu wala wa kumuuzia hata ndizi. Anataka kuondoka, na hapana wa kununua pale. Wiki iliyopita akaja uani kwangu, kofia kifuani, akaniomba mimi ninunue. Mimi, Tata. Nikamkaribisha, nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Bwana Alfonsi, ardhi haiuzwi, ardhi ni mali ya taifa. Mimi nanunua migomba na mibuni tu. Iko wapi?" Alisimama pale akitazama uwanja wake mweupe. Nikarudi kumenya ndizi zangu.

Kaburi lako halina mlamula. Wazee wamenisema, wamenituma watu, nimekataa. Ule wa Kato nimeuhamishia mpakani, juu ya mkaa, na umeshika, umetoa jani jipya. Kazi ya kulinda Kato aifanye akiwa amesimama. Ninyi wawili hakuna mtu atakayevuta mnyororo kutoka kichwani penu tena, siku zote nitakazokuwa hai, na baada yangu nitawaachia wanangu neno hili hili. Muhoro wa Mae nimeunoa. Ni wa kupogolea tu, nakuahidi. Ila wasinijaribu.

Katikati yenu nimepanda mgomba. Chipukizi nilikitoa kwenye shina la ule wa enshakala waliokukatia, maana chini lilikuwa bado hai. Lala, Tata waitu. Mgomba ukizaa, mkungu wa kwanza nitauleta hapo na kuugawa mara mbili. Hii yako, hii ya Kato. Na safari hii sitakula mimi.

Mwanao,
Nyangoma